Mtoto wako ana ulemavu: milango ya kubisha hodi, na karatasi ya kuondoka nayo kila mlango

Mwanangu alichelewa kulia siku aliyozaliwa. Miezi mitano baadaye shingo yake ilikuwa bado haijakaza. Nikimnyanyua, kichwa kinaanguka nyuma kama cha kichanga. Niliuliza watu wengi, na wote walinijibu kwa wema: wapo watoto wanaochelewa, mpe muda, atakaa tu. Nikampa muda. Alipofikisha mwaka na miezi miwili, mama mmoja niliyekaa naye benchi moja kliniki aliiangalia mikono yake ilivyokunja ngumi, akaniinamia akasema, "Dada, mazoezi mnafanyia wapi?" Sikujua kuna mazoezi. Sikujua kwamba hospitali niliyokuwa naijia kila mwezi ina chumba cha mazoezi ya viungo, hatua kama hamsini kutoka kwenye benchi lile.

Miezi tisa ilipotea hivyo, na ndiyo sababu naandika. Huduma za watoto wenye ulemavu hapa Tanzania ni chache, sikatai. Ila hata hizo chache zinawapita wenye shida nazo kwa kuwa hakuna aliyewaonyesha mlango. Hospitali inajua ya hospitali, shule inajua ya shule, ofisi ya kata inajua ya kata. Wa kuziunganisha ni wewe mzazi. Kwa hiyo shika mambo mawili kuanzia leo. Kila ofisi unayoingia, toka na karatasi. Na kabla hujaaga, uliza: "Baada ya hapa niende wapi, na nikifika nimuulizie nani?"

Mimi niko Korogwe, hivyo mifano yangu mingi ni ya Tanga na Kilimanjaro. Mpangilio wa ofisi lakini ni ule ule Bara nzima. Walio Zanzibar nimewawekea neno lao chini.

Kwanza: nunua bahasha ya kaki na daftari

Usicheke udogo wa jambo hili. Nimeona mama anarudishwa kutoka Tanga mjini na mtoto mgongoni kwa sababu barua ya rufaa aliiacha kabatini.

Ndani ya bahasha weka kadi ya kliniki ya mtoto, cheti cha kuzaliwa, nakala ya kitambulisho chako cha taifa, kila barua ya rufaa, kila picha ya eksirei na kila risiti. Toa nakala mbili mbili. Za asili zibaki kwako, usimwachie mtu yeyote mezani hata akikuahidi vipi. Cheti cha kuzaliwa kama hukukichukua, anza nacho. Mikoa mingi sasa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, inawasajili watoto wa chini ya miaka 5 bila malipo, kwenye vituo vya afya vyenye huduma ya mama na mtoto na kwenye ofisi za watendaji wa kata. Bila cheti hicho utakwama shuleni, bima, na kwenye misaada mingi.

Daftari ni la kuandika tarehe, jina la ofisi, cheo cha uliyemwona, alichosema, na siku aliyokwambia urudi. Andika palepale mbele yake. Mtu akiona unaandika hujibu kwa uangalifu zaidi, nimelishuhudia mara nyingi. Kurasa za mwisho ziache kwa namba za simu.

Pili: pima kama kuna la haraka

Kuna ulemavu unaokupa miaka ya kujipanga, na kuna unaokupa wiki. Ukiona dalili mojawapo kati ya hizi, acha ofisi zote uende hospitali kwanza.

Mtoto aliyezaliwa na nyayo zimepinda kwa ndani, yaani mguu kifundo, apelekwe ndani ya wiki zake za mwanzo. Siku hizi hawaanzi na upasuaji mkubwa. Mguu unanyooshwa taratibu na kufungwa plasta ngumu inayobadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara tano hadi nane, kisha wengi hukatwa kidogo kano ya kisigino, ule ukano mgumu wa nyuma ya mguu. Baada ya hapo mtoto anavaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa chuma, saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, halafu usiku tu mpaka afikishe miaka minne au mitano. Wazazi wengi wanashindwa hapo kwenye viatu. Mguu ukishanyooka wanaona kazi imekwisha, wanaviweka juu ya kabati, na mguu unarudi ulikotoka. Nakuomba, vumilia viatu.

Kichwa kinachokua upesi kuliko mwili, utosi uliovimba, macho yanayotazama chini muda wote kama jua linalozama: hicho ni kichwa kikubwa, maji yamejaa kwenye ubongo. Kila wiki unayongoja, ubongo unabanwa. Mgongo wazi, yaani uvimbe au kidonda kwenye uti wa mgongo wa kichanga, nao ni wa siku zile zile za kuzaliwa. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ndiyo inayojulikana zaidi kwa upasuaji huu, na hospitali za kanda huwapokea au kuwapa rufaa.

Mboni nyeupe katika jicho la mtoto, hasa ukiiona kwenye picha uliyompiga na simu, isikae nyumbani. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, inaweza kuwa saratani, na yote mawili yanadai haraka. Na kichanga asiyeshtuka mlango unapobamizwa apimwe masikio.

Njia ya kawaida inaanzia zahanati au kituo cha afya, inakwenda hospitali ya wilaya, ya mkoa, kisha ya kanda. Kwetu ni Bombo, hospitali ya mkoa wa Tanga, halafu KCMC, hospitali ya kanda pale Moshi. Dar es Salaam iko hospitali ya CCBRT, Msasani, iliyoanza mwaka 1994 na inayotibu miguu kifundo, midomo sungura, macho, fistula na mengine mengi. Sera ya nchi ni kwamba watoto chini ya miaka 5 wanatibiwa bila malipo kwenye vituo vya umma. Hata hivyo, nauli na malazi ni yako, na vipimo vingine unaweza kuambiwa ulipie. Ukiambiwa hivyo na huna, usiondoke. Omba kuelekezwa kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Karibu kila hospitali kubwa anaye, na kazi yake mojawapo ni kumsikiliza asiye na uwezo na kuandika msamaha au kupunguziwa. Mwambie ukweli wako wote, na mpe ile barua ya mtaani nitakayoieleza sasa hivi.

Tatu: jina la mtoto liandikwe kwa mtendaji

Wazazi wengi wanauruka mlango huu wa mtendaji wa kijiji au mtaa wakidhani hauna kitu. Mimi nauweka juu ya mingine yote baada ya hospitali, kwa sababu hesabu zote za serikali huanzia pale. Vikija viti mwendo kumi wilayani, vikija vyakula, ikipangwa orodha ya kaya zisizojiweza, wanaoitwa ni walioandikwa. Mtoto aliyefichwa chumba cha nyuma hayupo kwenye hesabu, na mtu hapangiwi fungu akiwa hajulikani kama yupo.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 iliweka kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa kwenda juu. Baadhi ya mahali kamati iko hai, mahali pengine imebaki jina. Wewe nenda kaiulizie. Mimi nilikwenda asubuhi, kabla vikao havijaanza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama, karibu. Una shida gani?"

"Nina mtoto mwenye ulemavu, nimekuja aandikwe kwenye daftari la watu wenye ulemavu la kijiji. Na naomba barua ya utambulisho ya kwenda ustawi wa jamii."

Alitafuta daftari lile kwa muda, akalipata chini ya mafaili ya mbolea. Jina la mwanangu likawa la nne kwenye ukurasa, ingawa kijiji kizima najua watoto wenye ulemavu wanapita kumi. Angalia nilivyosema: sikwenda kuomba msaada kwa ujumla. Nilitaja vitu viwili vinavyofanyika palepale, kuandikwa na barua. Ukisema "naomba mnisaidie" utapewa pole. Ukitaja kitu, utapewa kitu, au utaambiwa kwa nini hakipo.

Barua iwe na jina kamili la mtoto, umri, aina ya ulemavu, jina lako, mhuri na tarehe. Isome kabla hujatoka. Yangu ya kwanza ilikuwa na jina la mtoto wa mtu mwingine.

Nne: ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri

Na barua hiyo, nenda halmashauri. Wapo maofisa watatu wanaochanganywa na watu. Afisa ustawi wa jamii anahusika na familia, ulinzi wa mtoto, rufaa, misamaha na vifaa saidizi. Afisa maendeleo ya jamii anahusika na vikundi na mikopo. Afisa elimu maalumu yuko idara ya elimu, na ndiye wa shule. Ukikosea mlango siku nzima inaisha kwenye kiti.

Kwa afisa ustawi uliza haya moja moja, na uyaandike: Katika wilaya hii nani anatoa mazoezi ya viungo? Kuna shirika au kanisa au msikiti unaohudumia watoto kama wangu? Kliniki ya kutembelea inakuja lini? Viti mwendo huombwa vipi? Kuna kikundi cha wazazi?

Swali la kliniki ya kutembelea ni muhimu hasa vijijini. Wataalamu wa hospitali kubwa huwa na siku za kushuka wilayani, na tangazo hubandikwa kwenye mbao za hospitali siku chache kabla. Asiyekuwa na mtu wa kumpigia simu hupata habari gari limeshaondoka. Omba namba ya afisa, na umwombe akupigie. Mimi humpigia mwenyewe kila mwanzo wa mwezi, namsalimia, nauliza hali ya watoto wake, halafu nauliza la kwangu. Hajawahi kukasirika.

Mashirika ya dini yamefanya kazi kubwa katika eneo hili, na mara nyingi hayako kwenye orodha ya mtu yeyote. Kaskazini kuna kituo cha Usa River cha Kanisa la Kilutheri, KKKT, kinachofundisha vijana wenye ulemavu, kuna Sibusiso huko Arusha kwa watoto wenye ulemavu wa akili, kuna kituo cha watoto cha Gabriella, Moshi. Uliza parokiani, uliza usharikani, uliza kwa imamu. Huhitaji kuwa muumini wao.

Tano: mtafute mzazi mwenzako, kisha chama

Kama ningeruhusiwa kubaki na hatua moja tu, ningebaki na hii. Daktari alinieleza ulemavu wa mwanangu, mtindio wa ubongo, yaani ubongo ulioumia ukashindwa kuongoza viungo, na alinieleza vizuri. Lakini aliyenifundisha kumlisha mwanangu ni yule mama wa benchini. Mimi nilikuwa namlaza mapajani kichwa kikiwa nyuma na kumtilia uji kama tunavyofanya kwa watoto wote. Alipaliwa kila siku, kifua hakikauki, nikawa namtibu nimonia baada ya nimonia. Akanionyesha: mkalishe wima, kidevu kielekee kifuani kidogo, kijiko kidogo, uji mzito kuliko maji maji, weka kijiko mbele ya ulimi, ngoja ameze, hesabu moja mbili tatu, ndipo uongeze. Chakula cha mchana kikawa kinachukua saa nzima, lakini kifua kilipona.

Wazazi hao unawapata siku ya kliniki ya mazoezi, wanakuja siku ile ile kila wiki. Kaa nao, badilishaneni namba. Mkifika watano anzisheni kundi la simu.

Vyama navyo vipo, na wengi hawajui kuwa vina matawi hadi mikoani na wilayani. Mwavuli wao ni SHIVYAWATA, shirikisho lililoundwa mwaka 1992. Chini yake kuna CHAWATA kwa wenye ulemavu wa viungo, CHAVITA kwa viziwi, TLB kwa wasioona, TAS kwa watu wenye ualbino, ASBAHT kwa wenye vichwa vikubwa na mgongo wazi, na vingine kwa ulemavu wa akili na kwa viziwi wasioona. Nenda hata kama mtoto wako bado mdogo. Mtu mzima kiziwi aliyekwishasoma, akaoa, akajenga, anakueleza juu ya mtoto wako mambo ambayo sisi tunaosikia hatuyaoni. CHAVITA ndiko pa kuuliza mafunzo ya Lugha ya Alama ya Tanzania, na nakusihi ujifunze wewe na ndugu zake wote mapema. Mtoto kiziwi asiye na lugha nyumbani anafika shule akiwa na miaka saba bila neno hata moja la kumweleza mama yake kuwa tumbo linauma.

Wenye mtoto mwenye ualbino waanze na mafuta ya kukinga jua, kofia pana, mikono mirefu na miwani, kisha macho yapimwe. Pale KCMC wanatengeneza mafuta yanayoitwa Kilisun mahsusi kwa ajili yao. Uliza TAS au kitengo cha ngozi cha hospitali ya mkoa yanagawiwa lini karibu na kwako. Na usalama wa mtoto huyo uongee wazi na mwenyekiti wa mtaa, shule na polisi. Tunajua yaliyowapata wenzetu kanda ya ziwa, waliouawa na kukatwa viungo kwa imani za kishirikina.

Sita: vifaa, na kwa nini kiti cha bure kinaweza kumuumiza

Siku moja tuliitwa kwenye hafla ya kukabidhi viti mwendo. Wageni, spika, picha. Mwanangu, mwenye miaka minne wakati huo, alipewa kiti cha mtu mzima. Nilimweka, akazama katikati, kiuno kikapinda upande mmoja, miguu ikaning'inia. Nilipiga makofi na wengine. Baada ya wiki mbili nyonga ilikuwa na wekundu usiofutika, nikakitoa.

Kiti mwendo hupimwa mwilini kama nguo, na hata zaidi, kwa kuwa nguo mbaya haitoboi ngozi. Akiwa amekaa, kiganja chako kilichonyooka kipite kati ya nyonga na ubavu wa kiti bila kulazimisha, wala kisibaki na nafasi kubwa. Nyuma ya goti, kati ya mguu na ukingo wa kiti, viingie vidole viwili. Nyayo zikae bapa kwenye pa kukanyagia. Halafu ingiza mkono chini ya kalio, kiganja juu, utafute mfupa wa kukalia. Kama mfupa umebana vidole mpaka vinauma, mto ule haufai na kidonda kinakuja. Kwa asiyehisi miguu, kagua ngozi kila jioni.

Mtoto asiyeweza kukaa mwenyewe hahitaji kiti mwendo cha kawaida kwanza. Anahitaji kiti cha kumshikilia. Sisi tulitengeneza kwa fundi seremala hapa Korogwe: mbao mbili za mgongo zimeungwa kwa pembe kama kona ya chumba, ili mabega yaje mbele na mikono ikutane, kigingi kilichozungushiwa kitambaa katikati ya mapaja, na meza ndogo mbele. Vipimo alinipa mtaalamu wa mazoezi: nyonga upana, kalio hadi nyuma ya goti, goti hadi kisigino. Fundi alichukua siku mbili. Wapo wanaotengeneza kiti kama hicho kwa maboksi ya karatasi yaliyogandishwa tabaka kwa tabaka kwa uji wa ngano, na kikikauka kinabeba mtoto vizuri. Pima upya kila miezi sita, maana anakua.

Miguu bandia, vyuma vya miguu na viatu maalumu vinatoka kwenye karakana za hospitali kubwa. Moshi, ndani ya KCMC, ndiko kilipo chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa vifaa hivyo tangu 1981, na wanafunzi wake wametoka nchi nyingi za Afrika. Kwa fimbo nyeupe anza na TLB. Kwa shimesikio, kifaa cha kumsaidia kusikia, anza na hospitali, na uulize bei ya betri na wapi zinauzwa kabla hujakipokea. Nimeona mashimesikio mengi yaliyokaa kwenye kopo la chai kwa kukosa betri.

Saba: shule

Usingoje Januari. Mwaka mmoja kabla, nenda kwa afisa elimu maalumu na uombe mtoto apimwe na timu ya upimaji, ili ijulikane anafaa shule ya jirani, shule yenye kitengo cha elimu maalumu, au shule maalumu ya bweni. Pata majibu kwa maandishi.

Shule zipo za muda mrefu na zenye walimu wanaojua kazi yao: Buigiri, Dodoma, kwa wasioona; Irente, Lushoto, na Mwereni, Moshi, kwa wasioona pia; Buguruni Viziwi na Uhuru Mchanganyiko Dar es Salaam; Tabora Viziwi. Zinajaa. Bweni lina faida ya walimu na wenzake, na lina bei yake: mtoto wa miaka saba analala mbali na wewe. Kabla hujakubali, nenda ukaone bweni usiku unavyokuwa, nani analala na watoto, vyoo viko umbali gani, na mtoto akiumwa nani anapigiwa simu. Ukizuiwa kuona, mrudishe nyumbani.

Mwalimu mkuu wa shule ya jirani hana haki ya kukwambia "mtoto kama huyu hatupokei". Sheria ile ya 2010 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya elimu kama mwenzake. Lakini ukienda kwa ugomvi atapokewa na kukalishwa nyuma. Mimi nilikwenda na kiti chake cha kona, nikamwonyesha mwalimu wa darasa la awali namna ya kumkalisha, nikamwomba meza ya mbele karibu na mlango. Na wakati wa mitihani ya taifa ukifika, shule iombe mapema karatasi za nukta nundu au maandishi makubwa na muda wa nyongeza. Ombi linatoka shuleni, wewe kazi yako ni kuuliza kama limetoka.

Walio wakubwa

Kijana akimaliza shule, au kama hakuipata, kuna vyuo vya ufundi stadi na marekebisho vya serikali kwa watu wenye ulemavu: Yombo Dar es Salaam, Masiwani Tanga, Mtapika Masasi, Luanzari Tabora, Mirongo Mwanza, na cha Singida. Uliza kwa afisa ustawi kipi kinapokea mwaka huo, kwa kuwa vingine vimefungwa na kufunguliwa zaidi ya mara moja.

Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ikarudishwa 2024 kwa utaratibu mpya. Mwone afisa maendeleo ya jamii wa kata, umuulize kikundi cha wenye ulemavu kinatakiwa kuwa na wangapi, na kama mtu mmoja anaruhusiwa. Fungu hili la asilimia 2 hukosa waombaji mahali pengi. Kwa ajira, mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa kisheria kuwa na wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Kitaje kipengele hicho kwa upole kwenye barua ya maombi.

Kwa walio Zanzibar

Huku kwenu sheria na ofisi ni zenu. Anzeni kwa sheha badala ya mtendaji, mkaulizie Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu, na Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar, UWZ, wenye uzoefu mrefu wa kuwafikia watu majumbani Unguja na Pemba. Matibabu makubwa mara nyingi yatawavusha bahari, hivyo barua ya rufaa ya hospitali ya Mnazi Mmoja iwe mkononi kabla ya kukata tiketi ya boti.

Mlango ukifungwa

Utaambiwa "njoo Jumatatu". Nenda Jumatatu. Ukiambiwa tena, omba kwa heshima aandike kwenye daftari lako kwamba umefika na shida yako ni nini. Mara ya tatu andika barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa diwani na kwa chama chako, peleka nakala mbili na moja igongwe mhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Mimi nimeandika barua tatu za namna hiyo, na mbili zilijibiwa. Kama haki ya mtoto imevunjwa, wilayani kuna wasaidizi wa kisheria wanaofanya kazi bila kumtoza mtu, ustawi watakuelekeza. Mtoto akipigwa, akifungiwa au akiguswa vibaya, piga 116 bure, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, usiku uwe usiku.

Na kuna watu watakaokufuata wewe. Atakuja mtu na kamera, atasema ana wafadhili, anataka picha ya mtoto akiwa hana nguo ili ulemavu uonekane, na elfu ishirini ya fomu. Usitoe picha, usitoe hela. Shirika la kweli limesajiliwa, lina barua kutoka halmashauri, na mtendaji analijua. Mwambie: "Tuongozane mpaka kwa mtendaji." Niliyemwambia hivyo mimi alisema anakwenda kuchukua pikipiki, na hadi leo sijamwona.

Ukihama kijiji au wilaya, rudi kwa mtendaji wa zamani akuandikie barua ya uhamisho, omba hospitali nakala ya faili, na wiki ya kwanza ufike kwa mtendaji mpya na bahasha yako, jina liandikwe upya huko.